Jina Lililotangulia Miguu

Jumatatu, 1 Septemba

Daftari la hosteli lilijaa jana, kwa hiyo leo nimefungua kabati la zamani nikatoa daftari la mahudhurio la shule, lile la mistari ya kijani. Yamebaki manne. Shule ya Trasbrañas ilifungwa kwa kukosa watoto, na mimi, Ludivina, nilikuwa mwalimu wake wa mwisho. Sasa darasani kuna vitanda vya mahujaji wanaokwenda Santiago kwa miguu, jumla kumi na sita ukihesabu na kile cha chumba cha ramani, na funguo bado ninazo mimi. Nilifundisha humu miaka thelathini na mmoja, na sikuwahi hata siku moja kumwekea mtoto alama ya "yupo" kabla sijauona uso wake. Sijisifu. Haya, najisifu.

Mhudumu wa kujitolea tuliyeletewa mwaka huu ni Eloy wa Valladolid, mstaafu aliyekuwa akikagua tiketi kwenye treni. Alikuja Julai kwa siku kumi na tano na mpaka leo hajaondoka. Anaosha sufuria huku akiimba, na mahujaji wote anawaita "wanangu", hata wenye miaka themanini. Ananichosha.

Jumatano, 3 Septemba

Watu kumi na mmoja. Jua kali. Wawili wanakoroma mpaka vioo vinatetemeka.

Jumamosi, 6 Septemba

Mlangoni nimebandika karatasi, kwa herufi kubwa: KITANDA HAKISHIKIWI MTU. Anayefika kwa miguu yake ndiye anayelala. Leo saa nane mchana akaja Mreno mmoja na mashanta mawili, moja mgongoni na jingine kifuani, akayapanga yote kwenye foleni.

"Hili la nani?" nikamuuliza.

"La rafiki yangu Hermínio, mama. Yuko nyuma kidogo, anaumwaumwa."

"Shanta halina miguu. Liondoe."

"Mama, tafadhali, dakika chache tu..."

"Mimi si mama yako, mimi ni Mwalimu. Liondoe."

Eloy akanivuta pembeni. "Kitanda kimoja tu, Mwalimu. Nani atakufa?"

"Leo kimoja. Kesho watayatuma mashanta kwa teksi, na vitanda vitakuwa vya wenye hela."

Hermínio alifika saa kumi na mbili jioni, wa kumi na saba. Nilimwonyesha karatasi iliyoko mlangoni. Aliisoma yote, akasema asante, akaondoka na rafiki yake. Nilidhani wangetafuta chumba pale kwenye baa.

Jumapili, 7 Septemba

Baa ilikuwa imejaa. Wamelala kwenye kibaraza cha kanisa, juu ya mawe. Waliokuja kwenye misa ya saa tatu wamemkuta Hermínio anatetemeka kwa homa, midomo myeupe, na gari la wagonjwa limekuja kumchukua watu wote wakiangalia. Padri hakunitaja katika mahubiri, ila aliniangalia.

Nje ya kanisa Honorino, mfuga ng'ombe wa nyumba ya juu kabisa, alinisubiri makusudi. Mtu huyu hawapendi mahujaji kwa sababu wanaacha lango la zizi lake wazi, lakini leo alikuwa mtetezi wao.

"Mwalimu, mimi ng'ombe akichelewa namfungulia," akasema. "Tena ng'ombe wangu hata kusoma hajui."

Watu wakacheka. Nilirudi nyumbani uso ukiniwaka. Eloy ameosha sufuria kimyakimya.

Jumatano, 10 Septemba

Watu kumi na watatu. Eloy bado haimbi.

Jumanne, 16 Septemba

Honorino amekuja mpaka mlangoni, kofia mkononi, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Nguzo ya tatu ukishapita Valfrío imegeuka," akasema. "Kombe linaelekeza bondeni."

Valfrío ni magofu ya hospitali ya mahujaji wa kale, juu mlimani. Kutoka Cerviago mpaka hapa kwetu kwa Njia ya Juu ni siku nzima ya kutembea kileleni bila nyumba, na simu haishiki. Mtu hana cha kumwongoza ila zile nguzo za mbao zenye alama ya kombe, ganda la chaza la mahujaji.

"Imegeuka yenyewe?"

"Ng'ombe wanajikuna pale. Wanaiegemea nguzo kama walevi. Nimeirudisha mara mbili, shimo limeshakuwa pana. Inataka saruji."

"Ng'ombe wako wana akili kweli. Wanajua hata upande wa kugeuzia."

Alivaa kofia yake. "Piga simu manispaa, Mwalimu. Mimi nikipiga wananiona mlevi."

Sikupiga. Kila mtu hapa anakumbuka mwaka ule alipopaka chokaa mshale wa njano kwenye ukuta wake ili mahujaji wapite kwingine. Nguzo anageuza yeye, kisha anakuja kunitafuta niwe shahidi wa ng'ombe. Hanipati ng'o.

Jumatano, 24 Septemba

Mvua ya kwanza. Viatu ishirini na nane kuzunguka jiko la kuni, na harufu yake siwezi kuiandika.

Alhamisi, 2 Oktoba

Ukungu kuanzia asubuhi. Eloy ana jambo jipya: eti zamani hospitali za mlimani zilikuwa zinapiga kengele siku za ukungu ili hujaji afuate sauti, na sisi tunayo kengele ya shule juu ya paa, kamba yake nzima kabisa. Nimemwambia kengele ile ni ya watoto, tena nikiisikia bila watoto roho inaniuma. Akaniambia, "Basi samahani, Mwalimu," kwa upole mpaka nikajiona mshenzi.

Jumatatu, 6 Oktoba

Kadi imetoka Ureno. Hermínio amepona, ilikuwa mapafu. Anasalimia wote na anaandika kwamba kanuni ni kanuni, hana kinyongo. Ningefurahi zaidi kama angenitukana. Nimeibandua ile karatasi ya mlangoni. Gundi imeacha alama nne za pembe.

Ijumaa, 10 Oktoba

Naandika nikiwa jikoni kwangu, ng'ambo ya ua, miguu kwenye beseni la maji moto. Leo nimetenda wema, na nauandika kwa sababu haunitokei kila siku.

Ukungu ulikuwa mzito, ukinyoosha mkono huuoni. Saa tisa alifika mwanamke wa Kiholanzi, Marijke, mwendo wa farasi, akasema hatalala hapa, anaendelea mpaka kijiji kinachofuata. Akatoa vijitabu viwili vya mihuri, vile hujaji anavyogongewa kila anapofika, chake na kingine. Kile kingine ni cha mzee aliyempita huko juu: Baudilio Arnáiz, miaka sabini na minne, mwoka mikate mstaafu wa Aranda. Mzee alikuwa anatembea polepole, na woga wake mkubwa ulikuwa kukuta vitanda vimejaa. Alimpa kijitabu amtangulie nacho, amwombee nafasi.

"Anasema, mwambie mwenye hosteli nina magoti mabaya lakini mimi ni mtu mzuri," akasema Marijke.

Nilicheka. Vilikuwa vimebaki vitanda vitatu, na nyuma ya Marijke walikuwa wanaingia Waitalia wawili. Nikamwona Hermínio akisoma karatasi yangu mlangoni. Nikagonga mhuri kwenye kijitabu cha mzee, nikamwandika daftarini mstari wa kumi na sita, baada ya Waitalia, nikakiweka kijitabu juu ya mto wa kitanda cha tisa. Ndicho cha chumba cha ramani, kiko peke yake, hakina ngazi. Magoti mabaya yatapumzika.

Eloy alikuwa mjini kufuata mkate. Aliporudi tu, Mwitalia mmoja akajikata kiganja kwa kisu cha jibini, nikampeleka zahanati, nikarudi saa mbili na nusu nimechoka hoi. Eloy alikuwa anafunga madirisha.

"Wote wamo?" nikamuuliza nikiwa uani.

"Kumi na sita, Mwalimu. Daftari limejaa."

Basi nikaja kuloweka miguu. Kesho nitamwambia mzee Baudilio kwamba ni mtu wa kwanza kushikiwa kitanda katika hosteli hii.

Jumamosi, 11 Oktoba

Naandika yote kwa mpangilio, kwa sababu nitaulizwa.

Saa mbili na nusu asubuhi mahujaji walikuwa wameshaondoka. Niliingia na mashuka. Chumba cha ramani nilikifikia mwisho. Blanketi lilikuwa limekunjwa vilevile nilivyolikunja mimi. Kijitabu kilikuwa juu ya mto. Sikukigusa. Nilipapasa shuka, halikuwa na mkunjo hata mmoja.

"Eloy! Mzee wa kitanda cha tisa aliingia saa ngapi?"

Akaja na ufagio. "Mzee yupi?"

"Baudilio. Wa chumba cha ramani."

"Mimi sikumwona, Mwalimu. Nilijua ulimpokea wewe. Mlango ulikuwa umefungwa, nikasema amelala, nisimsumbue." Kisha uso wake ukabadilika rangi. "Mungu wangu. Binti yake."

"Binti gani?"

"Alipiga simu jana saa moja jioni. Anaitwa Henar. Alisema simu ya baba haipatikani, anaomba kujua kama amefika. Nikaangalia daftari. Nikamwambia amefika."

"Ukamwambia hivyo tu?"

Eloy akaketi kwenye kitanda, ufagio ukamwanguka. "Nikamwambia, 'Amefika, mama, ametandikiwa vizuri, amelala kama mtoto mchanga.' Nilitaka afurahi."

Nilimpigia kelele. Nilimwita domokaya, mzee mjinga, mtu wa treni aliyezoea kutoboa karatasi bila kuangalia uso. Alisikiliza yote. Kisha akasema polepole, "Nilisoma ulichoandika wewe. Nani angedhani daftari lako linasema uongo?"

Nikauokota ufagio wake, nikauegemeza ukutani, nikaenda kwenye simu.

Nilipiga simu Cerviago. Azucena, mwenye hosteli ya huko, alisema mzee aliondoka jana saa moja asubuhi, amejifunga skafu ya bluu. Nikawapigia askari wa uokoaji wa milimani. Wakauliza swali la kwanza: mara ya mwisho alionekana wapi? Nikasema kijitabu chake kina mhuri wangu wa jana. Kwa hiyo alipotea baada ya kutoka kwako? akauliza askari. Hapana. Mhuri unasema alifika, akasema. Najua mhuri unasema nini, nikamjibu, ni wangu! Hakufika. Niligonga bila kumwona. Yule askari akasema, "Sawa, mama," kwa sauti ambayo nimewahi kuitumia kwa watoto waliokojoa darasani. Alisema helikopta hairuki kwenye ukungu huu. Watakuja kwa miguu, itawachukua masaa mawili au matatu kufika.

Simu ya tatu ilikuwa kwa Henar. Namba ilikuwa kwenye jalada la kijitabu. Alipokea upesi, nyuma yake kulikuwa na makelele ya barabara.

"Henar, mimi ni Ludivina wa hosteli ya Trasbrañas."

"Ooh, asante sana kwa jana! Anasemaje baba? Magoti?"

"Binti yangu, baba yako hakulala hapa. Hakufika. Niliandika jina lake kabla hajafika, na mwenzangu akakusomea nilichoandika. Hatujui yuko wapi tangu jana mchana."

Nilisikia gari likipiga honi huko kwake. Nilidhani atapiga kelele, na nilizitaka hizo kelele.

"Mimi nililala," akasema. "Nilizima taa, nikalala usingizi mzuri kabisa."

Akakata simu.

Watu wa kijiji walianza kujikusanya uani. Honorino akaja na fimbo yake na mbwa. Kabla hajafungua mdomo nilimwambia mbele ya wote, "Ile nguzo ya tatu, baada ya Valfrío. Ulisema imegeuka."

"Nilisema."

"Sikupiga simu manispaa. Nilidhani unaigeuza wewe."

Kila mtu alimwangalia. Angeweza kunimaliza pale pale. Alitema mate pembeni, akavuta kofia mpaka machoni.

"Ukishuka ile nguzo inakoonyesha, utakuta korongo na kibanda cha zamani cha kukamulia maziwa," akasema. "Askari watafuata njia. Mimi nafuata ng'ombe. Njooni wanaume wawili." Kisha akanigeukia. "Na wewe piga hiyo kengele. Huko ndani hata mimi huwa sijui kijiji kiko upande gani."

Nikapiga kengele. Kamba ilikuwa ngumu kwa miaka mingi ya kutotumiwa. Nilivuta, nikahesabu hadi ishirini, nikavuta tena. Nilipokuwa mwalimu niliipiga mara mbili kwa siku. Leo niliipiga kuanzia saa nne asubuhi. Eloy alitaka kunipokea, nikakataa, akasimama karibu nami. Saa sita viganja vilitoka malengelenge, akanifunga vitambaa vya sahani. Saa saba yakapasuka. Ukungu haukusogea hata hatua moja. Askari walikuwa wameshapita wakielekea juu, na redio yao ilikuwa inakohoa tu. Niliwaza skafu ya bluu. Niliwaza miaka sabini na minne, mawe yenye umande, usiku mzima, na mimi miguu yangu kwenye maji moto nikijiandikia kwamba ni mwema.

Saa tisa kasoro mbwa wa Honorino aliingia uani peke yake, amelowa. Hapo nikaacha kupiga. Sikuweza.

"Endelea, Mwalimu," akasema Eloy. Nikaendelea.

Kisha wakatokea kwenye ukungu, watu wanne, hawa wetu watatu na askari mmoja, wamebeba lango. Lango lenyewe la zizi la Honorino, lile analolilia kila mwaka kwamba linaachwa wazi. Walikuwa wameling'oa kwenye bawaba zake. Juu yake mzee amefunikwa makoti, skafu ya bluu kichwani, uso rangi ya majivu.

"Yuko hai," akasema Honorino. "Mguu umevunjika, na baridi imemwingia mpaka mifupani. Alijikokota mpaka kibandani. Nisingemwona. Alikuwa anagonga kikombe chake cha bati kwenye jiwe. Kila ukipiga kengele, yeye anagonga. Ukipiga, anagonga."

Nilimsogelea. Macho yalikuwa yamefumba. Gari la wagonjwa lilikuwa linasubiri barabarani, likaondoka naye na kijitabu chake.

Jumapili, 12 Oktoba

Hajazinduka sawasawa. Mapafu. Wamempeleka hospitali kubwa ya Oviedo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Hakuna habari. Ukungu umeondoka, leo jua zuri la kipumbavu.

Jumanne, 14 Oktoba

Amepiga simu bwana mmoja wa manispaa. Mpole sana. Anasema kwa kuwa mzee alipatikana, na kwa kuwa karatasi zinaweza kuleta maswali yasiyo na faida, labda ule mstari wa kumi na sita ungeandikwa upya. "Makosa ya kalamu, Doña Ludivina. Ukurasa mmoja tu. Nani atajua?"

Nikamwambia nitajua mimi, na ndilo tatizo. Nimeandika pembeni ya mstari, kwa wino mwekundu: *Hakufika. Niliandika bila kumwona. L.*

Alhamisi, 16 Oktoba

Mafundi wamemimina saruji kwenye nguzo ya tatu. Honorino aliwasimamia siku nzima kama askari magereza. Jioni nimempelekea chungu cha supu ya kabichi, maharage na soseji.

"Nimekuja kuomba radhi," nikamwambia.

"Supu ina soseji ya damu?"

"Ina."

"Basi nimekusikia. Ila na mimi ule mshale nilipaka chokaa kweli. Usinifanye mtakatifu."

Tulikunywa sidra, pombe ya tufaha za mwaka huu, bado kali. Miaka arobaini tumekuwa majirani na sikujua kwamba anaweza kunyamaza vizuri hivyo.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mzee amefungua macho! Eloy alizungumza na muuguzi. Ameuliza kama alishikiwa kitanda.

Nimelia jikoni. Eloy kanipa kitambaa cha sahani, kikiwa na harufu ya vitunguu, nikalia zaidi. Nilimwomba msamaha kwa maneno yale ya treni. "Lakini ni kweli, Mwalimu," akasema. "Miaka mingi nilitoboa karatasi tu." Nilikuwa nikiona wema wake kama uvivu wa akili. Nilikosea hapo pia.

Jumatatu, 20 Oktoba

Kuanzia leo, saa moja jioni, kabla ya supu, naita majina. Kila mmoja ananyanyuka na kuitikia "nipo". Wajerumani wanadhani ni mila ya zamani ya hapa. Na siku ya ukungu kengele inapigwa, tunapokezana.

Jumamosi, 25 Oktoba

Watu wanne. Mzee ametoka hospitali, yuko kwa dada yake Aranda. Amekatwa vidole viwili vya mguu. Vidole viwili. Nimeviandika hapa ili nisije nikasema siku moja kwamba yote yaliisha salama.

Henar hajapiga wala kuandika, na hana sababu ya kufanya hivyo.

Ijumaa, 31 Oktoba

Siku ya mwisho, kesho tunafunga mpaka majira ya kuchipua. Nilidhani hakuna atakayekuja. Saa mbili asubuhi simu ikalia.

"Ludivina, mimi Azucena wa Cerviago. Kuna mwanamke ametoka hapa sasa hivi, peke yake. Nimemwambia ukungu unashuka, asubiri. Ana kichwa kigumu. Anapita Njia ya Juu." Akasita. "Jina lake Henar Arnáiz."

Nilikaa kwenye kiti cha darasani mpaka simu ikaanza kulia ile sauti ya kukatika.

Sikuandika kitu. Nilifungua daftari kwenye tarehe ya leo, nikaweka kalamu pembeni ikiwa na kifuniko chake, nikaenda kwenye kamba. Eloy alipanda mpaka kwenye lango la zizi. Honorino alisema ana ng'ombe amepotea upande wa Valfrío. Ng'ombe wake wote nilikuwa nawaona zizini.

Nilipiga. Saa tano, saa sita, saa nane. Ukungu uleule. Hata makovu ya viganja yalijua ni ukungu uleule. Eloy alikuja kunipokea na safari hii nilimwachia, ila niligundua kwamba kusimama bila kamba mkononi ni kubaya zaidi. Saa kumi hakuna mtu. Saa kumi na nusu hakuna mtu. Nilimwambia Eloy ikifika saa kumi na moja nawapigia askari, na sitasema neno lolote ambalo sijaliona kwa macho.

Saa kumi na moja kasoro tano nilisikia fimbo ikigonga mawe. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, nywele zimelowa zikaganda usoni, amejifunga skafu ya bluu. Hatua ishirini nyuma yake alikuwa Honorino, akiangalia juu kama mtu anayehesabu ndege.

"Huyu mzee amenifuata tangu yale magofu," akasema Henar. "Namuuliza unataka nini, ananiambia anatafuta ng'ombe."

"Hajampata bado," nikasema.

Hakutabasamu. Aliingia, akavua shanta, akaweka mezani vijitabu viwili. "Nataka kuona ule ukurasa."

Nikamwonyesha. Alisoma mstari wa kumi na sita, akasoma wino mwekundu, kidole chake kikipita juu ya herufi.

"Kwa nini?" akauliza.

"Mwezi mmoja kabla nilimfukuza mgonjwa kwa sababu ya kanuni. Niliona aibu. Nilitaka niitwe mwema."

"Nilikuja kukuchukia vizuri, ana kwa ana," akasema. "Nimejiandaa njia nzima. Halafu huko juu sikuona hata miguu yangu, nikaanza kusikia kengele." Akafuta pua kwa skafu. "Changu kigonge. Cha baba kiache kama kilivyo. Anasema atakuja mwenyewe kuufanya huo mhuri uwe kweli, hata ikimchukua miaka miwili."

Nilimwangalia usoni kwanza, nikamwangalia mpaka akaona haya. Ndipo nikaandika jina lake, tarehe na saa, nikagonga. Mahali pa chakula Eloy alikuwa ameshampakulia supu.

Simu ya ukutani ikalia. Nilijua ni nani kabla sijanyanyua.

"Halo, hosteli?" Sauti ya mzee, imekwaruza. "Mimi ni Baudilio Arnáiz, baba yake Henar. Simu yake haipatikani. Naomba kuuliza, mama, binti yangu amefika?"

Eloy aliacha kijiko hewani. Nilivuta waya wa simu mpaka ukanyooka wote, nikasimama mbele ya Henar, karibu kabisa.

"Amefika, mzee Baudilio," nikasema. "Niko naye hapa. Ana skafu ya bluu, kiatu cha kushoto kimefunguka kamba, na anapulizia supu kwa sababu ni ya moto. Hajalala. Ngoja nikupe uongee naye."